Dawa Kichwani, Bomba Kimya

Mume wangu ana kazi mbili. Mchana anapanga mizigo kwenye ghala la viatu, na saa zote zinazobaki ni waziri wa maji. Cheo hicho nilimpa mimi mwenyewe, wiki ya tatu baada ya kuhamia kwenye jengo hili, nilipomkuta amejaza maji mpaka kwenye chombo cha maua ya plastiki. Alikuwa amebandika karatasi kila mahali: ya kunywa, ya kuogea, ya chooni. Birika lilikuwa na karatasi, sufuria kubwa ilikuwa na karatasi, na ndoo ya lita ishirini kando ya jiko ilikuwa na karatasi ya wino mwekundu kwamba mtu asiiguse bila idhini. Tunaishi wawili tu, kwa hiyo huyo "mtu" nilimjua.

Mimi sikuhama nchi ili nije kuishi hivyo. Utoto wangu wote nimebeba ndoo kichwani, shingo yangu ni shahidi. Siku napanda ndege nilijiapiza kwamba huko niendako ndoo nitaiona dukani tu. Kumbe wapi. Tulifika, tukafungua mabegi, na kesho yake bomba likakohoa mara mbili likanyamaza. Tangu siku hiyo maji yanakatika mara tatu kwa wiki, bila ratiba wala taarifa. Mama yangu akinipigia simu na kuuliza habari za maji huku ughaibuni, namwambia yanatiririka usiku na mchana mpaka yanatuchosha. Namdanganya mzazi wangu huku mkononi nimeshika kopo la kuogea. Naona aibu, lakini uongo wenyewe una miaka miwili sasa na sijui nitaanzia wapi kuurudisha.

Mwenye nyumba ni mtu wa kwetu pia, mama mtu mzima aliyefika huku miaka thelathini iliyopita. Yeye na marehemu mumewe walilinunua jengo hili wakalijaza wapangaji wa kwetu, na sasa anaishi ghorofa ya chini peke yake. Tunamwita Mama Funguo kwa sababu anatembea na furushi la funguo shingoni, na mlango wake una makufuli matatu. Hakuna mpangaji aliyewahi kuingia kwake. Ukiwa na shida anaisikilizia mlangoni, nusu ya uso ndani, nusu nje. Ukimlalamikia maji, anakujibu kwamba presha ya mji ni ndogo, haifiki juu, sasa yeye afanyeje.

Na ndoo hataki kuziona. Anasema zinaleta unyevu sakafuni, na kwamba mpangaji anayepanga ndoo anaitia nyumba yake doa. Alishawahi kumhamisha mtu kwa ajili ya pipa moja tu lililoachwa kwenye korido. Basi sote tuliyahifadhi maji kama bidhaa za magendo, kila mtu kwake, na kwenye ngazi tulisalimiana kana kwamba hakuna aliyewahi kukosa hata tone. Mwalimu mstaafu wa mlango wa pili alikuwa ananiambia kila asubuhi kwamba ameoga vizuri kabisa. Na mimi nikamjibu kwamba hata mimi, namshukuru Mungu.

Kazi yangu ni ususi. Saluni niliyoajiriwa ilifungwa, nikaanza kuwahudumia wateja wangu sebuleni kimya kimya. Mkataba wa nyumba umekataza biashara, na kipengele chenyewe nakijua kwa kichwa. Miezi mitano nilifanya kazi kwa kunong'ona. Ila harufu ya dawa ya kulainisha nywele haijui kunong'ona, inashuka ngazi yenyewe mpaka chini. Jumatano moja Mama Funguo alipanda hadi ghorofa ya tatu, akasimama mlangoni kwangu, akavuta hewa puani.

Nilimwamkia, akanipa marahaba kavu. Akakitazama kiti changu cha kuzunguka, akaitazama mashine ya kukaushia, akayatazama marola ya kukunjia nywele yaliyotapakaa mezani. Hakugomba. Alisema kwamba kwa mujibu wa mkataba anatakiwa anitoe mwisho wa mwezi. Halafu akagusa kilemba chake, sauti ikashuka kidogo, akasema mwanawe wa kiume anakuja Jumapili baada ya miaka minne, na hataki amkute amechakaa. Nimtengeneze nywele Jumamosi. Nikiwa naijua kazi, atanisainia ile fomu ya manispaa ya kuniruhusu kufanyia kazi nyumbani. Nikiwa siijui, nianze kutafuta pa kuhamia.

Fomu yenyewe ilikuwa ndani ya droo yangu siku nyingi, imejazwa yote, imekosa saini moja tu. Bila saini hiyo sina leseni, na bila leseni nabaki kumsubiri mume wangu anipe nauli. Sijazoea kusubiri nauli. Kwa hiyo nilimwambia mama aje saa nne asubuhi, na kwamba hatajuta.

Jumamosi mume wangu aliondoka mapema kwenda ghalani. Akiwa anafunga kamba za viatu alinisomea orodha ya akiba zake zote, akamalizia kwamba maji yakitoka asubuhi yasinidanganye. Nilimwitikia ndiyo mheshimiwa waziri, nikamfungia mlango. Kisha nikageuka nikaiangalia nyumba yangu kwa jicho la Mama Funguo. Sufuria za maji chini ya meza. Chupa za soda kumi na tisa zimepangwa ukutani kama wanafunzi paredi. Ndoo nyekundu kando ya jiko, ndoo ya buluu bafuni, madumu mawili nyuma ya kochi. Nikaona wazi kwamba mama yule akiingia, kabla hata hajakaa, fomu yangu imekufa.

Bombani maji yalikuwa yanatoka vizuri, tena kwa nguvu. Nikaanza kumwaga. Nilimwaga chupa zote kumi na tisa, nikamwaga sufuria na yale madumu mawili, nikasafisha choo kwa ndoo ya buluu. Ile ya lita ishirini yenye wino mwekundu niliisimamia kidogo, nikamkumbuka mume wangu na orodha yake. Halafu nikaibeba nikaoshea ngazi, kuanzia ghorofa ya tatu mpaka chini kabisa, ili mama apande pakiwa panang'aa. Vyombo vitupu nikavisukumia chini ya kitanda. Niliporudi sebuleni nilifurahi kwa moyo wote, kwa mara ya kwanza nyumba ilionekana ya mtu aliyefanikiwa.

Mama Funguo alifika saa nne kamili. Alipita jikoni akachungulia, akapita bafuni akachungulia, akarudi akakaa kwenye kiti. Nilimfungua kilemba. Nywele zake zilikuwa nyingi na ngumu, zenye mvi safi, za mtu ambaye hajashikwa kichwa na mtu mwingine muda mrefu. Nilimpaka mafuta ya mgando kuzunguka masikio na paji la uso, nikavaa glavu, nikagawa kichwa mafungu manne, nikaanza kupaka dawa kutokea kisogoni. Nilimweleza kwamba akisikia joto ni kawaida, akisikia moto aniambie. Dakika kumi na tano, halafu tunaosha kwa maji mengi. Tulianza hata kuzungumza. Alinihadithia mwanawe alivyokuwa anaogopa mkasi alipokuwa mdogo, na mimi nikacheka kweli, si cheko la mpangaji.

Dakika ya tisa nilienda bafuni kupima uvuguvugu wa maji. Nikafungua bomba. Likakohoa mara mbili.

Nilisimama pale nikilitazama. Nikalifunga, nikalifungua tena, nikalipiga kofi. Nikaenda jikoni, nalo la jikoni vilevile. Birika lilikuwa na maji ya kikombe kimoja, niliyoyabakiza kwa ajili ya chai ya mgeni. Maji ya kikombe kimoja kwenye dawa ni balaa, yanaiteremsha tu machoni. Nilifunua tangi la choo, nikalikuta tupu, kwa sababu asubuhi nikikisafisha choo nilifunga koki yake nikasahau kuifungua. Ndipo nilipoiona akili yangu yote ya asubuhi ilivyokuwa ya kijinga, na nikatamani mume wangu atokee na chupa yake moja tu ya soda, nimpigie magoti.

Nilirudi sebuleni, nikachukua taulo kavu nikaanza kumfuta dawa ya juu juu. Akaniuliza kama ni wakati wa kuosha. Nikamwambia ukweli, kwa sababu kichwa chenye dawa hakina muda wa uongo: maji yamekatika, ndani sina hata tone, niliyamwaga yote asubuhi ili asizione ndoo. Alinitazama kwenye kioo. Nikamwomba avumilie dakika mbili, nikatoka mbio.

Kwa Mwalimu niligonga kwa ngumi. Alifungua akiwa na miwani puani, na niliposema maji akajibu haraka kwamba yeye haweki maji ndani, sheria za nyumba anazijua. Nilimwambia kuna mama ana dawa kichwani na inakaribia kumchoma. Hakuuliza ni mama gani. Aligeuka ndani, nikasikia makabati yakifunguliwa. Nikashuka ghorofa ya pili kwa fundi cherehani, dada mmoja mkimya mwenye kipimo cha tepu shingoni siku zote. Naye alianza na habari ya kwamba haweki. Kisha akayaona mabaki ya dawa kwenye glavu zangu, akaacha maneno, akakimbilia jikoni kwake. Nikawaambia wote wawili walete kwangu, nikapanda tena ngazi zangu safi.

Mama Funguo alikuwa amesimama. Jasho lilikuwa linamtoka puani na mikono ameikunja ngumi. Ilikuwa dakika ya kumi na tatu.

"Inachoma," alisema.

"Wanakuja na maji, mama. Nakufuta kwanza."

"Watakuja na vikombe." Alifumba macho, akashika funguo zilizokuwa shingoni, akazivua. "Twende kwangu."

Tulishuka. Nilimshika kiwiko, chupa ya shampuu nimeibana kwapani, yeye ameshika ukuta, taulo kichwani. Makufuli matatu niliyafungua mimi, yeye ananitajia ufunguo gani. Mlango ulipofunguka nilisikia mngurumo, na jikoni nikaona mashine ya kufulia inazunguka, imejaa mashuka meupe ya kumtandikia mwanawe. Yeye alinivuta kuelekea bafuni. Mle ndani, kati ya sinki na dirisha, palisimama tangi jeusi linalofika darini, na chini yake pampu ndogo ndiyo iliyokuwa inanguruma.

Mikono yangu haikusubiri mimi nielewe. Nilimwinamisha kwenye sinki, nikafungua bomba, yakatoka maji yenye nguvu ambayo sijayaona tangu nihamie. Nikaosha. Nilianzia kisogoni, nikaja utosini, nikazuia paji la uso kwa kiganja ili yasiingie machoni. Dawa ilitoka nyeupe na nzito, ikapungua. Kila nikimuuliza kama bado inachoma alisema kidogo, kidogo, halafu akasema imepoa. Nikaipitia ngozi yote kwa vidole. Palikuwa na wekundu nyuma ya sikio la kushoto, hapakuwa na kidonda. Mimi ndiye niliyeanza kulia, bila hata kukusudia.

Ndipo nikayatazama mabomba ya ukutani. Lile nene linalotoka barabarani lilikuwa linaingia kwenye pampu, na jembamba linalopanda juu kwetu lilichepuka kabla ya hapo. Haihitaji ufundi. Pampu ikiwaka inavuta kila kitu, na juu panakauka. Mashuka yake yalikuwa yamelimaliza tangi, pampu imejiwasha yenyewe, na maji iliyoyavuta ndiyo yale yaliyokuwa yaje kumwosha kichwa.

"Ni hii," nilisema. "Miaka yote miwili ni hii."

Hakuinua kichwa. Alizungumza akiwa ameinamia sinki, maji yanamtiririka. Alisema mumewe alipougua, maji hayakufika hata huku chini, na mgonjwa alikuwa wa kuoshwa mara nne kwa siku. Yeye ndiye aliyekuwa anayabeba kwa madumu kutoka bomba la barabarani. Akanunua pampu. Mumewe alipofariki, kila siku alisema kesho ataizima, na kila akiikaribia swichi yake aliyakumbuka yale madumu. Nilimhurumia. Nilimkasirikia pia, vyote kwa pamoja, na povu la shampuu mikononi.

Kwenye ngazi nikasikia miguu na sauti ya Mwalimu akiita tuko wapi. Mama Funguo alinishika kifundo cha mkono.

"Kafunge mlango," alisema. "Fomu yako naisaini sasa hivi, na pampu nitakuwa nawaachia siku moja moja. Wewe funga tu, waambie tumeshapata."

Nilitoka bafuni nikaenda mlangoni. Niseme ukweli, nilikwenda kuufunga. Fomu niliiona kabisa mbele ya macho, na saini yake, na kibao changu kidogo cha saluni dirishani. Nilishika kitasa. Nje alisimama Mwalimu na jagi la plastiki limejaa nusu, ameliziba kwa kiganja ili lisimwagike. Nyuma yake fundi cherehani na chupa ya chai iliyojaa maji. Mwalimu alinieleza kwa haraka kwamba hayo ni ya kumezea dawa zake za presha, ndiyo aliyobaki nayo, lakini dawa za presha zinaweza kumezwa jioni na kichwa hakiwezi kusubiri. Akauliza yule mama yuko wapi, anaendeleaje.

Niliufungua mlango mpaka mwisho. Nikamwambia apite, yuko bafuni.

Alipita na jagi lake. Fundi naye akapita. Walilikuta tangi, wakaikuta pampu, wakamkuta mwenye nyumba wao na povu kichwani. Hakuna aliyefoka. Mwalimu aliliweka jagi sakafuni taratibu, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akalitazama tangi upya. Fundi cherehani aliyakazia macho yale mabomba muda mrefu, kisha akatoka, na nikasikia viatu vyake vikipanda ngazi. Alirudi na ndoo mbili. Akamwamkia Mama Funguo kwa heshima zote, akasema, "Mama, naomba nijaze."

Mama Funguo alinitazama mimi. Macho yale sitaki kuyaona tena kwa mtu.

"Jaza," alisema.

Kwangu akaongeza kwa sauti ndogo kwamba nitahama mwisho wa mwezi. Nilimjibu sawa, lakini akae, kwa sababu dawa isipotolewa yote nywele zitakatika, na mimi siachii kazi njiani. Nikamwinamisha tena. Shampuu ile ya kuondolea dawa hutoa povu la rangi ya waridi mpaka dawa iishe, kisha linageuka jeupe. Nilimwosha mara tatu. Nyuma yetu watu walikuwa wanapita na ndoo, waliosikia na walioambiwa, kila mmoja akimwamkia kwanza ndipo ajaze. Aliitikia marahaba kumi na moja, nilizihesabu. Povu lilipokuwa jeupe kabisa, nilimwambia kitu nilichokuwa nacho kooni.

"Mama, zima pampu."

"Nikiizima nitakosa kama nyinyi."

"Utapata kama sisi."

Alijifunga taulo kichwani. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akabonyeza. Mngurumo ulikatika, na bafu likawa na sauti ya watu tu. Baada ya muda Mwalimu aliita kutoka juu, kwa sauti ambayo nadhani aliitumia darasani miaka yake yote, kwamba kwake yanatoka.

Marola yangu na mashine ya kukaushia nilivishusha vyote kwake, nikamalizia kazi jikoni kwake kando ya mashuka. Sijawahi kutengeneza kichwa vizuri kama kile. Mvi zilinyooka zikang'aa, nikazikunja kidogo mabegani, nikamvuta nywele chache zifunike ule wekundu nyuma ya sikio. Nilimpa kioo. Alijitazama upande huu na upande ule, akagusa shingo yake mahali ambapo funguo hukaa. Furushi lilikuwa juu ya meza na mlango ulikuwa bado wazi, watu wanapita.

"Dawa hii inarudiwa lini?" aliuliza.

"Baada ya wiki nane, mama."

Nikamwona anahesabu. Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki mbili na siku moja mbele. Nilianza kukunja taulo zangu ili asiuone uso wangu.

"Na wiki nane zijazo nitakukuta wapi?"

"Hilo nikuulize wewe, mama. Nyumba ni yako."

Aliweka kioo chini. Mimi nilikuwa nimeishikilia ile taulo ambayo nilishaikunja mara tatu.

"Ghorofa ya tatu," alisema. "Na fomu unikumbushe."